Sindano za Koplo Atim

Asanteni kwa blenda. Siku ya kuniaga nilipostaafu mlisema pia kwamba mngependa niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, nami nikaitikia kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa hii ni wiki ya tatu niko nyumbani, nimesaga kila kitu kinachosagika, kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara nitaviacha. Nitasema habari za kazi yenyewe, na habari za kosa moja ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu huko kwenye korido.

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi. Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, Mnubi, na Kiswahili ndicho tulichoongea na majirani waliotoka Gulu, Arua na Lira. Nilipomaliza masomo ya ufundi wa maabara nilidhani nitapelekwa hospitali kupima malaria mpaka nizeeke. Badala yake nilipangiwa maabara ya utafiti wa uzazi, kwa Daktari Lamunu.

Siku ya kwanza Daktari Lamunu hakuniuliza cheti. Alikuwa mwanamke mrefu, Mwacholi, mwenye sauti ndogo, na alivaa sweta hata wakati wa jua kali kwa sababu chumba chetu kilikuwa na baridi ya mashine. Alinipa chupa mbili za chai, zile za kutunza joto.

"Nenda machinjioni," akasema. "Leta ovari za ng'ombe, ishirini hivi. Humo ndani kuna maji ya chumvi, ya vuguvugu. Zikipoa njiani, utakuwa umeniletea nyama tu."

Nilikwenda na koti langu jeupe, jipya, lenye alama za pasi. Mchinjaji aliyekuwa karibu na mlango, Mganda mnene aitwaye Musoke, alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama chupa, akanitazama mimi.

"Nyabo, mama, hii unakura?" Akaonyesha mdomo.

"Hapana, ssebo. Ni ya kusoma."

"Ya kusoma!" Akageuka kuwaita wenzake. "Mukuje muone! Mutu anasoma tumbo ya ng'ombe!"

Walicheka, wakanipigapiga begani mpaka koti langu likapata madoa mawili ya damu, lakini Musoke mwenyewe ndiye aliyenichagulia zile ovari, moja moja, akizishika kwa vidole viwili kama mtu anayechagua nyanya. Tangu siku hiyo hadi alipoacha kazi aliniwekea zangu pembeni, na kila mara aliniuliza kama bado sijamaliza kitabu.

Ovari ya ng'ombe inatosha kwenye kiganja, kubwa kidogo kuliko kokwa ya parachichi. Juu yake kuna vifuko vya mayai, vimevimba kama malengelenge, vingine vidogo kama punje ya mtama, vingine vikubwa kama zabibu. Ndani ya kila kifuko kuna yai moja, maji, na maelfu ya seli zinazolizunguka lile yai na kulilea. Kazi yangu ilikuwa kuingiza sindano, kuvuta maji taratibu, kuziosha zile seli, kuzigawa kwenye visahani na kuziweka katika inkubeta zikae hai. Kisha tunazitilia homoni, tunasubiri, tunaangalia zimefanya nini. Ukiniuliza nilifanya nini miaka yote ile, ni hicho tu.

Wiki ya kwanza nilimwuliza Daktari Lamunu kwa nini tunahangaika hivyo. Aliacha alichokuwa akiandika.

"Kila seli hapa ina jeni zote," akasema. "Jeni za macho, jeni za kwato, zote. Hazipungui, haziongezeki. Kinachobadilika ni ipi inafanya kazi leo na ipi imelala. Ubongo unatuma homoni kwenye damu. Homoni inafika kwenye seli ya kifuko, inashika mlangoni, na ndani kabisa jeni fulani inaamka. Mimi nataka kujua ni ipi, na inaamka lini."

Homoni tuliyoitumia zaidi ni ile inayokuza vifuko. Ikifika kwenye seli iliyo tayari, inaamsha jeni ya kutengeneza estrojeni, na kifuko kinaanza kukua. Kikikua vya kutosha, seli zake zinapata mlango mwingine, wa homoni ya pili, ile ya kupasua kifuko ili yai litoke. Homoni hiyo ya pili ikija kwa wingi, jeni ya estrojeni inanyamaza na nyingine zinaamka. Ikija mapema kabla mlango haujawekwa, inapita tu. Nilizielewa hatua hizo vizuri zaidi nilipopata mimba ya Rehema wangu, nikawa nakaa mbele ya hadubini nikijionea maajabu kwamba mwili wangu ulifanya yote hayo bila kuniuliza.

Mambo yaliyotutesa hayakuwa makubwa. Ili kujua jeni imeamka, tunapima nakala inazotoa, na hizo nakala ni dhaifu kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Jasho la kidole linaziharibu. Kupiga chafya kunaziharibu. Tulipoteza karibu mwaka mzima tukipata majibu matupu, mpaka Daktari Lamunu akasimama nyuma yangu asubuhi moja na kugundua kwamba ninaongea juu ya visahani. Nilikuwa nikihesabu kwa sauti. Kuanzia siku hiyo tulifanya kazi hiyo tukiwa tumefunga midomo kwa barakoa, na nikajifunza kuhesabu moyoni. Vijana, mkisikia nikisifiwa kwa ukimya wangu, asili yake ni hiyo.

Sasa nifike kwa Atim.

Miaka michache kabla ya kustaafu kwangu, geti la jengo letu lilipewa askari mpya, koplo mwanamke, jina lake Atim. Alikuwa wa Lira, na alipogundua kwamba nimekulia kambini tukaanza kusalimiana kipolisi. Kila asubuhi alinyoosha mgongo na kusema, "Hajati, ripoti!" Nami namjibu, "Kituo shwari, afande." Mumewe, Opio, alikuwa fundi wa magari ya polisi, mtu wa maneno machache. Walikuwa kwenye ndoa mwaka wa tisa bila mtoto. Mama mkwe alikuwa amekwisha kumwambia Opio, mbele ya Atim, kwamba nyumba yake ina nafasi ya mke mwingine. Opio alikataa, lakini maneno yale yalibaki ndani ya nyumba.

Siku moja Atim alinifuata hadi mlango wa maabara akiwa na boksi dogo mkononi. Kliniki ilikuwa imempangia matibabu ya kutungisha mimba nje ya mwili, na ndani ya boksi kulikuwa na sindano za kujichoma kila siku ili vifuko vyake vikue. Homoni ile ile. Nilipoisoma lebo nilitabasamu kama niliyekutana na jamaa ugenini.

"Hajati, hii inataka friji," akasema. "Kule kambini umeme unakwenda na kurudi, na friji ni ya jirani. Watoto wanaifungua kila saa. Naomba unitunzie. Nitakuwa nakuja saa kumi, najidunga, naondoka."

Sheria ya maabara ilibandikwa juu ya friji hiyo hiyo: hakuna chakula, hakuna dawa ya mtu. Niliibandika mimi mwenyewe. Nilimtazama Atim, nikachukua boksi.

Kila siku saa kumi alikuja, akaingia kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo, akajidunga tumboni kama nesi alivyomfundisha. Alikuwa akiniambia, "Leo nimevisalimia vifuko." Siku ya tatu nililetewa chupa nyingi za maji ya kukuzia seli, nikatafuta nafasi, nikalisukuma boksi lake nyuma kabisa, likagusa ule ukuta wenye barafu. Siku mbili tatu baadaye, wakati wa kutoa dozi, niliona upande mmoja wa boksi una ganda jembamba la barafu. Nililifuta kwa kitambaa. Dawa ndani ilikuwa maji, safi, haina kasoro kwa macho. Nikalirudisha palepale. Umeme ulikuwa ukikatika na kurudi wiki ile, kwa hiyo nadhani liliganda na kuyeyuka, likaganda tena na kuyeyuka.

Mtaniuliza, wewe mtu wa homoni, hukujua? Nitawaambia ukweli. Homoni yetu ya maabara tunaigandisha. Tunaichanganya na protini ya kuilinda, tunaigawa kwenye vichupa, tunaiweka kwenye baridi kali, na inakaa miaka. Mkono wangu ulizoea kuona homoni na barafu pamoja. Dawa ya Atim ilitengenezwa kwa namna nyingine, na kwenye karatasi yake kulikuwa na maneno manne tu kuhusu jambo hilo: isigandishwe kwa hali yoyote. Sikuifungua karatasi.

Siku ya kumi Atim alipigwa picha kliniki. Vifuko vyote vilikuwa vidogo vilevile, kama hakuna aliyevigusa. Matibabu yakasimamishwa. Daktari wa kule alimwambia kwa upole kwamba ovari zake hazisikii dawa, kwamba huenda mayai yake yamekwisha nguvu, na kwamba afikirie yai la mwanamke mwingine. Alikuwa na miaka thelathini na moja.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyesema "Hajati, ripoti." Alifungua geti, akatazama upande mwingine. Nilimwacha. Nilidhani ninamheshimu.

Ilipita miezi kama minne. Nikiwa nasafisha friji nilikuta boksi lake, na ndani yake kichupa kimoja ambacho hakikutumika. Nilikipeleka kwa Daktari Lamunu nikamweleza habari yote, isipokuwa barafu. Sikuificha, ilikuwa haijanijia kichwani. Nilitaka kumwomba tumsaidie Atim kutafuta kama seli zake zina mlango mbovu, jambo linalotokea kwa watu wachache.

Daktari Lamunu alikigeuza kichupa kwenye mwanga. "Kabla hatujazichunguza seli zake," akasema, "tuichunguze hii."

Nilikwenda machinjioni. Niliandaa visahani vya aina tatu: visivyo na homoni, vyenye homoni yetu, na vyenye dawa ya Atim. Siku zilipotimia tulipima jeni ya estrojeni. Kwenye skrini mstari wa homoni yetu ulipanda mapema na kwa nguvu, kama kawaida. Mstari wa dawa ya Atim ulilala pamoja na wa visahani visivyo na kitu. Seli zilikuwa nzuri. Hazikuwa zimeambiwa lolote.

Hapo ndipo barafu iliponirudia. Niliiona kabisa, na kitambaa nilichoifutia, cha bluu. Nilikaa chini.

"Daktari," nikasema, "nimeiua mimi."

Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, hakunipa pole wala hakunikaripia.

"Bado hatujui," akasema. "Hii imekaa miezi minne. Labda ilikuwa mbovu tangu dukani. Tafuta nyingine mpya, ya aina hiyo hiyo. Igawe. Nusu weka mbele, nusu weka nyuma palepale ulipoiweka ile. Tukijua, utamwambia mwenyewe. Si mimi, na si kwa simu."

Ile wiki sikuiombea iishe. Nilitamani dawa ya nyuma ifanye kazi, ili kosa liwe la mtu mwingine, kisha naona haya kwa kutamani hivyo. Tulipima mara mbili. Iliyokaa mbele iliamsha jeni. Iliyokaa nyuma haikuamsha chochote.

Jumamosi mchana nilikwenda kambini. Atim alikuwa uani akifua magwanda, mikono imejaa povu, na Opio alikuwa kwenye kiti akirekebisha redio. Atim alinikaribisha, akataka kunitafutia kiti. Nikamwambia nitasimama tu, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema.

Nilimweleza tangu mwanzo. Nilisema niliisukuma nyuma, niliona barafu, niliifuta, nikairudisha. Nilisema tumeipima na imekufa. Nilisema ovari zake hazikuwahi kuulizwa swali, kwa hiyo hakuna anayejua zingejibu nini.

Atim aliendelea kushika lile gwanda ndani ya beseni.

"Kwa hiyo mayai yangu hayajafa."

"Hakuna aliyeyapima, Atim. Walipima sindano, na sindano niliiharibu mimi."

"Unajua nimeishi vipi hii miezi?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilikuwa natembea na maiti tumboni, Hajati. Nilimwambia huyu," akamwonyesha Opio kwa kidevu, "nikamwambia, chukua yule mwanamke mama anakutafutia. Mimi mwenyewe nilimwambia. Nilipiga magoti."

Akalikamua gwanda, akalirudisha majini.

"Kila asubuhi unapita getini kwangu. Unapita na chupa zako. Unanitazama."

"Nilikuwa sijajua bado."

"Uliona barafu."

"Niliiona."

"Basi ondoka."

Opio alinisindikiza hadi barabarani. Tulipofika akasema, "Ungeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua." Nikamwambia nisingeweza. Akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa, akarudi ndani.

Daktari Lamunu aliiandikia kliniki barua ndefu yenye michoro yetu yote, na jina langu halikufichwa ndani yake. Kule walikubali kumpa Atim nafasi nyingine. Dawa ya safari hii niliilipia mimi, na hilo liishie hapo. Ilitunzwa kliniki kwenyewe na Atim alikuwa akienda kudungwa huko kila siku baada ya zamu. Getini aliniita "Madam", jina ambalo hakuwahi kuniita, na kila mara lilinichoma.

Siku ya kumi vifuko saba vilikuwa vimekua. Habari hizo nilizipata kwa Daktari Lamunu. Mayai yalipotolewa, Atim alitia saini kwamba seli zilizooshwa kutoka kwenye mayai hayo, ambazo hutupwa, zije kwetu. Sikuelewa kwa nini alikubali. Nilizifuata mwenyewe mjini, nikapanda boda na chupa kati ya magoti, nikimwomba dereva aende polepole mpaka akaniuliza kama nimebeba bomu.

Nilizipima seli za Atim kwa uangalifu, midomo imefungwa kwa barakoa. Jeni zilizotakiwa kuamka zilikuwa zimeamka, na ile ya estrojeni ilikwisha kunyamaza, kama inavyopasa wakati yai linapokaribia kutoka. Kila kitu kilitokea kwa mpangilio wake. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona mistari mizuri kama ile, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha zaidi ya Daktari Lamunu, ambaye aliitazama, akavua miwani, akaifuta kwa sweta.

Kiinitete cha kwanza walichomwekea tumboni hakikushika. Wiki hiyo sikulala vizuri. Siku ya Ijumaa mlango wa maabara uligongwa, na Atim akaingia na sare yake, kofia mkononi. Alisimama mbali na friji.

"Wanasema seli zangu ziko hapa."

"Zilizobaki ziko."

"Nataka kuziona."

Nilizitoa kwenye inkubeta, nikaziweka chini ya hadubini, nikamwekea stuli. Aliangalia muda mrefu, jicho moja limefumbwa kama mtu anayelenga shabaha.

"Ni hivi vitu vya duara?"

"Ndiyo. Zimeshikana kama familia."

"Na zilisikia?"

"Zilisikia, Atim. Zilifanya yote."

"Mbona basi haikushika?"

"Hilo sijui," nikasema. "Hakuna anayejua kila mara. Lakini si kwa sababu ya hizi."

Aliendelea kuangalia. Machozi yalidondoka kwenye meza na hakuyafuta, wala mimi sikuyafuta. Kisha akainuka, akavaa kofia, akaniuliza kama chupa ya chai iliyokuwa mezani ina chai ya kunywa au ni ya ng'ombe. Nikamwambia ya kunywa iko ofisini. Tukanywa. Hatukuongea habari za friji. Aliniambia kwamba Opio alikuwa amekwenda Lira kumwambia mama yake, kwa mdomo wake, asilete tena habari ya mke.

Vilikuwa vimebaki viinitete viwili, vimegandishwa kliniki, kwa njia inayofaa na watu waliosoma karatasi. Baada ya miezi kadhaa wakamwekea kimoja. Safari hii hakuna aliyeniambia chochote, na sikuuliza. Niliona tu Koplo Atim ameanza kukaa kwenye kiti getini badala ya kusimama, kisha mkanda wa sare umesogezwa tundu moja, kisha jingine.

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua, msichana. Opio alinipigia simu akasema maneno matatu: "Hajati, amekuja. Njoo."

Nilisubiri wiki mbili kabla ya kwenda, nikajifanya nina kazi nyingi. Nilipofika, chumba kilikuwa kimejaa nepi na harufu ya uji. Atim alikuwa amechoka, macho mekundu, nywele hazijasukwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Nilikuwa na hotuba nzima, niliifanyia mazoezi njiani. Hakunipa nafasi. Alinitazama kidogo, akanyoosha mikono na kunipa mtoto.

"Sijaoga tangu jana," akasema. "Mshike mpaka nimalize."

Akachukua taulo, akatoka, akafunga mlango nyuma yake. Opio alikuwa kazini. Tulibaki wawili, mimi na yule mtoto, nikisikia maji yakimwagika uani. Atim hakuwa na haraka. Aliimba wimbo mmoja wa kwao, akaumaliza, akaanza mwingine. Mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi, na sikuuhamisha.